Methodi tatu kwa wakati mmoja: kwa nini jumla inabadilika kila unapoendesha programu

Swali: Nina klasi ya Java inayoitwa `Ripoti`. Ina methodi tatu: `somaMauzo` inasoma faili la mauzo (kama sekunde 3), `somaMarejesho` inasoma faili la bidhaa zilizorudishwa (sekunde 2), na `pakuaAda` inachukua orodha ya ada kutoka kwenye seva (sekunde 4). Zote tatu zinabadilisha kigeu kimoja, `jumla`. Niliweka kila methodi kwenye `Thread` yake nikaita `run()`, muda ukabaki sekunde 9. Nikabadilisha kuwa `start()`, programu ikachapisha 0 papo hapo. Nikaongeza `join()`, na sasa inachukua sekunde 4, lakini jumla mara ni sahihi, mara imepungua, mara imezidi. Natumia Java 21. Nakosea wapi?

Jibu: Kosa lililobaki liko kwenye `jumla`, si kwenye nyuzi (threads, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja). Nyuzi zako sasa zinafanya kazi sawasawa. Hata hivyo tuanze na hatua mbili ulizokwisha kuzivuka, kwa sababu maelezo yake ndiyo yanayolifungua hilo la tatu.

`run()` ni methodi kama methodi nyingine yoyote. Ukiiita mwenyewe, uzi uleule uliokuwa ukiendesha `main` ndio unaoingia ndani yake, unaifanya kazi mpaka mwisho, kisha unarudi kuendelea na mstari unaofuata. Objekti ya `Thread` umeiunda kweli, lakini hakuna uzi mpya uliozaliwa. Ndiyo maana 3 na 2 na 4 zikawa 9. Anayezaa uzi ni `start()`: huuomba mfumo endeshi uzi mpya, na uzi huo ukishapatikana ndio unaoita `run()`. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, weka mstari huu mwanzoni mwa kila methodi:

```java
System.out.println(Thread.currentThread().getName());
```

Kwa `run()` utaona `main` mara tatu. Kwa `start()` utaona `Thread-0`, `Thread-1`, `Thread-2`, na mpangilio wake unaweza kubadilika kila mara. Kumbuka pia kwamba objekti moja ya `Thread` huanzishwa mara moja tu katika maisha yake. Ukiita `start()` mara ya pili utapata `IllegalThreadStateException`, hata kama kazi ya kwanza ilishakwisha.

Ile 0 nayo ina sababu nyepesi. `start()` haingoji kazi imalizike. Ikishaanzisha uzi inarudi hapohapo. Uzi wa `main` ukaendelea, ukafika kwenye mstari wa kuchapisha, na wakati huo hakuna faili hata moja lililokuwa limesomwa. `join()` ikamlazimisha `main` asubiri. Ila `join()` inafanya zaidi ya kusubiri, na wengi hawalijui hili: Java inakuhakikishia kwamba kila kitu uzi ulichokiandika kwenye kumbukumbu kabla haujakwisha kitaonekana na yule aliyeusubiri kwa `join()`. Uhakika huo hauupati ukiweka `Thread.sleep(5000)` badala yake, hata kama sekunde tano zinatosha na kubaki. Prosesa ina akiba zake za karibu na kompaila ina ruhusa ya kupangua mpangilio wa maagizo, kwa hiyo uzi mmoja unaweza kuandika thamani mpya na mwingine ukaendelea kuiona ya zamani. Usitumie `sleep` kusubiri matokeo ya uzi mwingine.

Sasa jumla yenyewe. Mstari huu unaonekana kama tendo moja:

```java
jumla += kiasi;
```

Kumbe ni matendo matatu: soma thamani ya `jumla`, ongeza `kiasi`, andika jibu mahali pake. Tuseme `jumla` ni 500. Uzi wa mauzo unasoma 500 na kukokotoa 520. Kabla haujaandika, uzi wa marejesho nao unasoma 500, unatoa 5, unaandika 495. Halafu ule wa mauzo unaandika 520 yake. Jibu sahihi lilikuwa 515. Ile 5 ya marejesho imefutika kana kwamba haikuwahi kuwapo, na jumla imezidi. Mpangilio ukigeuka, marejesho yakaandika mwisho, inabaki 495: mauzo ya 20 ndiyo yamepotea, na jumla imepungua. Hizi ndizo dalili ulizoziona. Siku nyuzi zako zisipogongana katika hatua hizo, jibu linatoka sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu programu yenye kosa hili inaweza kupita majaribio yote kwenye kompyuta yako ikaja kuharibika mahali penye viini vingi zaidi vya prosesa.

Chanzo cha mkanganyiko ni picha ambayo uandishi wa programu kwa objekti humpa mtu kichwani. Tumezoea kufikiri kwamba objekti ni chumba kilichofungwa, na `private` ndiyo mlango wake. Ni kweli kwa klasi nyingine, lakini `private` haizuii uzi. Uzi wowote wenye njia ya kufika kwenye objekti unaweza kupita ndani ya methodi zake, na nyuzi tatu zinaweza kuwa ndani ya objekti moja kwa wakati mmoja, zote zikishika vigeu vilevile. Objekti haikai kwenye uzi. Nyuzi ndizo zinazopita ndani ya objekti. Kilicho cha uzi mmoja peke yake ni vigeu vya ndani ya methodi, vile vinavyotangazwa katikati ya mabano ya methodi yenyewe, kwa kuwa kila uzi una rundo lake la kumbukumbu kwa ajili hiyo. Vigeu vya objekti viko kwenye kumbukumbu ya pamoja. Tofauti hiyo ndiyo itakayokutoa hapo.

Pengine utasikia ushauri wa kuandika `volatile long jumla`. Haitakusaidia. `volatile` hufanya thamani mpya ionekane na nyuzi zote mara inapoandikwa, lakini yale matendo matatu yanabaki matatu, na uzi mwingine bado una nafasi ya kuingia katikati. `volatile` inafaa kwa alama ya kusimamisha kazi, mfano `while (!simama)`, ambapo uzi mmoja unaandika na mwingine unasoma tu. Hapo bila `volatile` kitanzi kinaweza kuzunguka bila kikomo. Na angalia mtego wake: ukiweka `println` ndani ya kitanzi ili uone kinachoendelea, mara nyingi tatizo linatoweka, kwa kuwa kuchapisha kunatumia kufuli (lock, kinachoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati) ndani yake na kunabadilisha mwendo mzima. Ukiondoa `println`, linarudi.

Njia ya kwanza: kufuli

Unaweza kuacha muundo wako ulivyo, ukakilinda kile kipande kimoja:

```java
private final Object kufuli = new Object();
private long jumla;

private void ongeza(long kiasi) {
    synchronized (kufuli) {
        jumla += kiasi;
    }
}
```

Kila methodi kati ya zile tatu iite `ongeza(...)`, na marejesho na ada zitume kiasi chenye alama ya kutoa. Uzi ukishashika kufuli, mwingine anayelitaka atasubiri mpaka lifunguliwe. Kufungua na kushika huko kunaleta pia ule uhakika wa kuonekana niliousema kwenye `join()`.

Makosa ya hapa ni machache, lakini yanarudiwa sana. La kwanza ni kuandika `synchronized` kwenye methodi nzima ya `somaMauzo`, na `somaMarejesho`, na `pakuaAda`. Jumla itatoka sahihi, ila muda utarudi sekunde 9: zote tatu zinagombea kufuli la objekti moja, kwa hiyo uzi mmoja utasoma faili lake lote huku wengine wamesimama mlangoni. Shika kufuli kwa muda wa kujumlisha tu. Usilishike wakati unasoma faili au unasubiri seva.

La pili ni kufikiri kwamba `synchronized` inafunga msimbo. Inafunga objekti. `synchronized` kwenye methodi ya kawaida inatumia kufuli la objekti ile iliyoitwa, yaani `this`. Ukiwa na `Ripoti` mbili zinazoandika kwenye kigeu kimoja cha `static`, kila moja ina kufuli lake, na hakuna kilicholindwa. `synchronized` kwenye methodi ya `static` inatumia kufuli jingine kabisa, lile la klasi. Kila anayekigusa kigeu, awe anaandika au anasoma tu, lazima apitie kufuli lilelile. Ndiyo sababu napendelea objekti ya faragha kama `kufuli` hapo juu: hakuna msimbo wa nje unaoweza kuishika kwa bahati mbaya.

Ukija kuwa na makufuli mawili, yashike kwa mpangilio mmoja mahali pote. Uzi mmoja ukishika A ukingoja B, na mwingine ukishika B ukingoja A, wote wawili watangoja milele bila ujumbe wowote wa kosa. Programu ikiganda hivyo, chukua namba ya mchakato wake na uendeshe `jstack`. Ina uwezo wa kuugundua mkwamo wa aina hii na kukuonyesha ni uzi gani umeshika kufuli gani, na katika mstari upi.

Kwa namba peke yake kuna njia fupi kuliko kufuli: `AtomicLong` na methodi yake `addAndGet`, ambayo hufanya yale matendo matatu kuwa moja lisilokatika katikati. Kwa `jumla` pekee ingetosha. Ila ukiwa na vigeu viwili vinavyopaswa kukubaliana, mathalani `jumla` na `idadi` ya mistari iliyosomwa, `AtomicLong` mbili hazikulindi: mtu anaweza kusoma jumla mpya na idadi ya zamani. Hapo rudi kwenye kufuli.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ningeichukua: methodi irudishe jibu

Tazama tena kazi zako. Je, `somaMauzo` inahitaji kujua jumla ya marejesho? Haihitaji. Methodi hizi tatu hazitegemeani hata kidogo. Kinachozigombanisha ni kigeu ulichokiweka katikati yao. Kiondoe. Kila methodi ijumlishe kwenye kigeu chake cha ndani, kisha irudishe `long`:

```java
long somaMauzo() throws IOException {
    long jumlaYangu = 0;
    try (var mistari = Files.newBufferedReader(failiLaMauzo)) {
        String m;
        while ((m = mistari.readLine()) != null) {
            jumlaYangu += Long.parseLong(m.trim());
        }
    }
    return jumlaYangu;
}
```

`jumlaYangu` ni mali ya uzi mmoja, hakuna wa kuigusa, kwa hiyo haihitaji kufuli. Kisha kazi zipe kundi la nyuzi badala ya kuunda `Thread` kwa mkono. Vifaa hivi viko ndani ya Java tangu toleo la 5 la mwaka 2004, katika `java.util.concurrent`:

```java
try (var kundi = Executors.newFixedThreadPool(3)) {
    Future<Long> mauzo     = kundi.submit(() -> ripoti.somaMauzo());
    Future<Long> marejesho = kundi.submit(() -> ripoti.somaMarejesho());
    Future<Long> ada       = kundi.submit(() -> ripoti.pakuaAda());

    long jumla = mauzo.get() - marejesho.get() - ada.get();
    System.out.println(jumla);
}
```

`submit` inapokea kazi na kukurudishia `Future` papo hapo: ni risiti ya jibu litakalokuja. `get()` inasubiri mpaka jibu liwepo. Hesabu ya mwisho inafanywa na uzi mmoja, baada ya kazi zote kukamilika. Muda utakuwa karibu na ule wa kazi ndefu kuliko zote, yaani sekunde 4 zako.

Tuma kazi zote tatu kwanza, ndipo uanze `get()`. Ukiandika `kundi.submit(...).get()` kwenye mstari mmoja, kila kazi itasubiriwa kabla ya inayofuata kutumwa, na umerudi kwenye sekunde 9 kwa msimbo mrefu zaidi.

Faida kubwa ya `Future` inaonekana siku mambo yanapoharibika. Kwa `Thread` ya mkono, faili likikosekana, hitilafu inaua uzi ule, ujumbe unachapishwa, na `join()` inarudi kama vile hakuna lililotokea. `main` inaendelea kuchapisha jumla isiyo na mauzo. Kwa `Future`, hitilafu inahifadhiwa na kurushwa kwako unapoita `get()`, imefungwa ndani ya `ExecutionException`. Ile halisi unaipata kwa `getCause()`. Lakini sharti uite `get()`. Ukitumia `submit` na kuitupa ile risiti, hitilafu inapotea kimya kimya, bila hata ule ujumbe. Programu ikionekana haifanyi kazi na hailalamiki, anza kutafuta hapo.

Seva nayo inaweza kukwama. `ada.get(10, TimeUnit.SECONDS)` itakata tamaa baada ya sekunde 10 na kurusha `TimeoutException`, lakini elewa kilichokata tamaa: ni wewe uliyekuwa ukisubiri. Kazi yenyewe bado inaendelea kwenye uzi wake. Na kwa kuwa kundi liko ndani ya `try`, kutoka kwenye mabano kunasubiri kazi zote ziishe, kwa hiyo utakwama palepale ulipodhani umetoka. Ukipata `TimeoutException`, ita `ada.cancel(true)` kabla ya kutoka. Hiyo hutuma ombi la kukatiza, na ni ombi tu: kazi iliyolala kwenye `sleep` au inayosubiri foleni italisikia kwa `InterruptedException`, bali kitanzi cha hesabu hakitalisikia mpaka kiangalie chenyewe `Thread.interrupted()`, na usomaji wa kawaida wa soketi haulisikii. Kwa hiyo upande wa mtandao weka muda wa mwisho kwenye muunganisho wenyewe pia. Usitafute `Thread.stop()`. Iliwekwa alama ya kutotumika tangu Java 1.2, na tangu toleo la 20 ukiiita inarusha hitilafu tu. Iliweza kuua uzi katikati ya kuandika na kuiacha objekti nusu ya zamani, nusu mpya.

Kundi hujifunga lenyewe kwa `try` kuanzia Java 19. Ukiwa kwenye toleo la nyuma yake, weka `kundi.shutdown()` ndani ya `finally`. Ukisahau, `main` itakwisha lakini programu haitazimika, kwa sababu nyuzi za kundi bado zinangoja kazi.

Kuhusu idadi ya nyuzi: tatu zinakutosha. Kazi zinazosubiri mtandao au diski zinaweza kuzidi idadi ya viini vya prosesa bila shida, maana muda mwingi hazifanyi lolote. Kazi za kukokotoa tupu hazipati faida ukizidisha idadi inayotolewa na `Runtime.getRuntime().availableProcessors()`, zitagombea viini tu. Siku ukiwa na maelfu ya maombi ya mtandao badala ya matatu, badilisha mstari mmoja kuwa `Executors.newVirtualThreadPerTaskExecutor()`. Nyuzi hizi nyepesi zimekuwa rasmi tangu Java 21, Septemba 2023, nawe tayari unayo. Tahadhari ya toleo lako ni hii: uzi mwepesi unaosubiri mtandao ukiwa ndani ya `synchronized` unaushikilia uzi halisi ulioubeba, na zikiwa nyingi hivyo, zote zinakwama. Kikwazo hicho kimeondolewa kwenye Java 24. Kwako wewe, mahali kama hapo tumia `ReentrantLock`.

Jambo moja zaidi la kukagua kwenye `Ripoti`: usianzishe nyuzi ndani ya konstrakta. Uzi unaweza kuanza kuisoma objekti kabla vigeu vyake havijajazwa vyote, ukakuta `null` mahali ambapo msimbo unakuonyesha wazi kwamba pamejazwa. Konstrakta ijaze vigeu, na methodi nyingine, tuseme `endesha()`, ndiyo ianzishe kazi. Vigeu ambavyo havibadiliki baada ya hapo, kama `failiLaMauzo`, viandike `final`. Kagua pia vitu vinavyotumiwa na methodi zaidi ya moja. `SimpleDateFormat` moja inayotumiwa na nyuzi mbili huharibu tarehe. `DateTimeFormatter` haina tatizo hilo. `HashMap` ya pamoja inabadilishwa na `ConcurrentHashMap`, lakini hata hiyo, kuita `get` kisha `put` ni yale matendo yanayokatika katikati. Tumia `merge`:

```java
idadiKwaBidhaa.merge(jina, 1L, Long::sum);
```

Ukimaliza, jaribu hivi. Kwanza hesabu jibu kwa kuziita methodi zote tatu mfululizo kwenye uzi mmoja, ulihifadhi. Kisha endesha toleo la nyuzi mara 1000 kwenye kitanzi, kwa mafaili madogo na ada zilizohifadhiwa ndani ili usiichoshe seva, ukilinganisha kila jibu na lile la kwanza. Fanya jaribio hilohilo kwa msimbo wako wa zamani. Ule wa zamani ukitoa jibu tofauti hata mara moja, jaribio lako lina uwezo wa kulinasa kosa. Usipotoa, ongeza idadi ya mistari ya mafaili mpaka utoe, ndipo matokeo ya msimbo mpya yawe na uzito.